Stuli Uliyoibeba Wewe, Mama

Mama, mwaka umetimia tangu ututoke, na tulitaka kukuandikia maneno matamu matupu. Yatakuja. Kwanza tuseme ukweli: kuna watu wanataka kukupokonya jambo moja dogo ulilolifanya, na tumeona mambo ya kutia kinyaa.

Ulikuwa mshona vifungo. Miaka ishirini na sita kiwandani, saa kumi kwa siku, umesimama, maana kukaa kulikuwa marufuku. Jioni ulivua viatu mlangoni, ukatumbukiza miguu kwenye beseni na kusema, "Msinisemeshe kwanza." Maji yakishapoa ndipo ulipoanza kumwigiza msimamizi wenu, yule mliyempa jina la Filimbi, nasi tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Hukuwa mtu wa mikutano. Chama cha wafanyakazi kikiwaita, ulikwenda ukasinzia nyuma. Halafu asubuhi moja, bila kumwambia mtu, ukachukua stuli ya jikoni, ile ya mguu uliofungwa waya, ukaenda nayo kazini. Ukaiweka, ukakaa, ukaendelea na vifungo vyako. Filimbi akaitupa nje. Kesho yake ukaibeba tena, akaitupa tena.

Baba akakuuliza, "Wakikufukuza je?"

Ukamjibu, "Angalau watanikuta nimekaa."

Siku ya tisa, jirani yako wa meza, Mama Kicheko, akaja na ya kwake. Mlinzi wa getini akajifanya anafunga kamba za viatu mlipokuwa mnapita. Seremala wa mtaani kwetu akawa anagongelea upya miguu ya zile alizovunja Filimbi. Wiki ya nne ghorofa nzima ilikuwa imekaa, na hakuna anayeweza kufukuza ghorofa nzima. Haki ya kukaa ikaandikwa kwenye mkataba.

Katibu wa chama alikuwa wapi? Alikuwa sebuleni kwetu, tulimsikia kwa masikio yetu, akikuambia, "Dada, acha utoto, unatuharibia mazungumzo." Huyo huyo ndiye aliyelia msibani kwako mbele ya kamera, eti ndiye aliyekutuma. Mtu mzima ovyo! Machozi yenyewe aliyafuta kabla hayajafika shavuni.

Mwezi uliopita wakafanya sherehe ya hiyo haki. Walituomba stuli yako, tukawapa kwa moyo mweupe. Wakaipaka rangi ya dhahabu, Mama! Wakaiweka mezani katikati ya maua ya plastiki. Wakasoma majina ya waliopigania: Katibu, mkurugenzi, hata Filimbi. Wewe ulikuwa ndani ya "na wafanyakazi wengine."

Wageni walipewa viti vya mito. Wenzako wa ghorofani, pamoja na mama mdogo na miguu yake iliyovimba, wakaambiwa wasimame nyuma. Wasimame! Kwenye sherehe ya kukaa!

Mama mdogo aliomba kiti mara mbili, akaambiwa avumilie. Katibu alikuwa kwenye kipaza sauti akieleza jinsi alivyoibeba stuli ile "kwa mikono hii." Hapo kitindamimba wako, yule uliyesema hawezi hata kukohoa mbele ya watu, akapita katikati ya wageni, akasukuma maua pembeni, akaishusha stuli.

"Binti, hiyo ni ya maonyesho," Katibu akanong'ona, na kipaza sauti kikatangaza ukumbi mzima.

"Ni ya mama yangu." Akaiweka chini. "Mama mdogo, njoo ukae."

Akakaa. Rangi haikuwa imekauka vizuri, ikamganda kwenye gauni, wala hakujali. Mama Kicheko akatazama huku na huku, akakiona kiti cha Katibu kiko wazi, akaenda akakikalia. Kisha mmoja baada ya mwingine, wenzako wote wakajikalia sakafuni, na hotuba ikafia hapo hapo.

Stuli iko jikoni. Rangi tumeikwangua yote.

Tunaokukumbuka: mumeo, ambaye bado halali upande wako wa kitanda, wanao wanne, mdogo wako, wakwe na wajukuu, na ghorofa nzima ya washona vifungo, ambao leo, tunapoandika haya, wamekaa.

Moyoni mwetu hutoki, Mama, hata siku moja.