Maziba ya Nelly haikuharibika

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana. Jambo ya asubui na jambo ya mangaribi, juu sijue saa gani Yaya Odette atakusomea hii barua. Mugongo iko namna gani? Unalalaka sasa, ao unaamuka tena na ile maumivu? Sisi huku Musonoi tuko, tunapumua, lakini tumechoka. Yaya, weye dada yangu mukubwa mwenye unasoma, kuko maneno ya haya humu ndani. Usome polepole, na kama Tata Katekiste amepita kusalimia, ungoje aende.

Mama, shofere wa camion, ile lori ya mizigo, alinipatia neno yako. Alisema: "Mama anangojea majina yake, mujukuu wake. Bibi yangu atamubeba mutoto mbele, kando yangu, fasi iko." Ni kweli, Yowana kadogo alipata jina yako, na nayua kama utamulea muzuri. Lakini mbele unyooshe mikono ya kumupokea, acha niseme kitu yenye nilikuficha.

Nelly alirudia ku kazi wakati mutoto alitimiza miezi tatu. Anaoshaka masahani mu kantine ya kampani moya. Bus inamubeba kungali giza, inamurudisha jua inaanguka. Mutoto anabakia kwa Mama Kapinga, jirani yetu, mujane wa Kasai, mutu wa roho muzuri lakini maneno haikauke mu kinywa yake. Mi natembeza moto, pikipiki ya kubeba batu. Tulipatana hivi: Nelly anamunyonyesha asubui, saa sita anakamula maziba mu chupa, mi napita ku bariere, mulango ya kampani, nakamata chupa, napeleka mbio kwa Mama Kapinga.

Fasi ya kukamulia haiko. Anajifungia mu depo ya bitunguu, anaikala juu ya gunia ya muchele, banamupatia dakika kumi. Tulipata kapompe ka mukono ku farmasi, lakini inamuuma na inakamula kidogo tu, akarudia ku mikono yake mwenyewe. Mi nilikuwa napima chupa na bidole. Siku alilala muzuri, bidole ine. Siku mama shefu wa kantine alimukaripia, bidole mbili. Unaniyua, sisemake mingi, lakini naangaliaka. Siku moya mutoto ya mutu alilia mu kanisa, nikaona nguo ya Nelly inalowana kifua. Kuanzia pale nilimupatia kitambala ya Yowana yenye haijafuliwa, aiweke mu mufuko. Akaniambia: "Nikinusa ile, inateremuka yenyewe." Bidole ine ikarudia.

Basi. Ku bariere banapekua kila kitu yenye inatoka, juu batu banaibaka bunga ya cobalt na dawa ya kiwanda. Siku moya gardi alikuwa mupya. Nelly alimuachia chupa, akarudia mbio, dakika ilikuwa imeisha. Yule kijana akafungula, akanusa.

"Hii ni nini?"

Nikasema ni maziba, lakini nilisemea mu shati yangu.

"Maziba? Ng'ombe iko wapi hapa?"

Benzake bakacheka. Akamwanga yote pa chini. Udongo ikakunywa mara moya. Mama, mi nikaokota chupa. Nikawasha moto, nikaenda.

Kwa Mama Kapinga nilisema: "Iliharibika na jua." Na Nelly nilimuambia vile vile. Nilikuwa na haya ya kusema kama kijana mudogo kuliko mi alimwanga chakula ya mutoto yangu, na mi nikaangalia tu. Kesho yake gardi ni yeye tena, akamwanga tena, nikasema tena jua. Siku ine, Mama. Mama Kapinga akapika buyi ya bunga ya mahindi, nyepesi sawa mayi, mutoto akaharisha. Na mangaribi Mama Kapinga akamuambia Nelly: "Binti yangu, ile haiko jua. Mama mwenye anashinda mu vumbi ya kampani, maziba yake inageukaka mu mwili. Achana nayo."

Nelly akaamini. Akaendelea kukamula mu depo juu kifua ilikuwa inamuuma, lakini alikuwa anamwanga mwenyewe mu bassine ya masahani. Kisha ikapunguka. Hata mangaribi, mutoto anavuta, anaacha, analia. Njo pale nilikutumia ile neno kama maziba ya Nelly iliharibika. Ilikuwa bwongo, Mama, nilikudanganya. Yenye iliharibika ni kinywa yangu.

Wakati neno yako ilifika, Nelly hakubisha. Alifula nguo ya Yowana, akakunja, akapanga mu mufuko. Hakulia. Mi niliangalia ile mufuko pa mulango siku mbili. Siku ya tatu nikamuambia: "Leo ukamule tena mara moya. Nitangoja ku bariere." Akaniangalia sawa mutu mwenye amechoka kuuliza, akaitika.

Ilitoka kidole moya na nusu. Gardi alikuwa ni ule ule, na bafanyakazi bamepanga mustari nyuma yake.

"Weye tena, na dawa yako."

Nikasema: "Ni maziba ya bibi yangu. Iko ya mutoto."

"Sema na nguvu, bote basikie."

Nikasema na nguvu.

"Kama ni maziba, kunywa."

Mama, nilikunywa. Funda moya. Mustari yote ikacheka. Moya akapiga kelele: "Papa amenyonya! Sasa Nelly ana batoto babili." Lakini mama moya wa kantine, munene, akamuambia gardi: "Na weye, mama yako alikukomalisha na petroli?" Pale bakamucheka yeye. Gardi akakamata chupa, akaifunga, akanirudishia, akasema pita. Kuanzia ile siku napita. Ananiita Mutoto Mukubwa, mi naitika, nakamata chupa.

Sijue kama kwetu ni kizila, kitu yenye inakatazwa, bwana kuonja maziba ya bibi yake. Kama kuko kitu ya kufanya juu ya kusafisha ile, niambie, nitafanya. Lakini iko tamu kidogo, Mama, na haina harufu. Iko muzima.

Ile mangaribi nilimuambia Nelly yote. Aliniuliza:

"Siku ine ulikuwa unaona banamwanga?"

"Ndiyo."

"Na mi, zile siku, nikakufulia nguo yako."

Akaenda kutoa nguo ya mutoto mu mufuko, moya moya, akazirudisha mu sanduku. Hata leo ananisemesha juu ya chumvi na sabuni tu.

Infirmiere, muuguzi wa ku dispansere, alisema mutoto anyonye kila saa Nelly eko ku nyumba, hata kama haitoke kitu, itarudia, na buyi ingoje. Sasa imefika bidole mbili. Haimutoshi bado. Yowana anamaliza, analamba, analia. Nelly anamunyonyesha mupaka usingizi inamukamata ameikala, mi namushika kichwa ili asimuangukie mutoto. Lakini tumbo ya mutoto imepona.

Kwa hiyo, Mama, camion itafika bila mutoto. Usikasirike na Nelly. Maneno yote ni yangu. Wakati Yowana atakuwa anakula bukari, ile ugali yetu, nitamuleta mi mwenyewe, umuone.

Unisalimie Yaya Odette, asante ya kusoma. Unisalimie mudogo wangu Pascal, asiache masomo sawa mi. Salamu kwa bibi ya shofere, mumuambie asante ya kutubakishia fasi, na pole. Tata Katekiste umusalimie, lakini bila kumuambia kitu.

Nelly alilomba nimusomee barua mbele sijafunga. Nilimusomea. Nilipofika pale pa bwongo, akasema: "Rudia." Nikarudia. Akaweka mutoto ku ziba ingine, akasema: "Tuma."

Mwana yako,
Muteba