Walichokipigia Vigelegele

Kwaluguru, Jumanne

Na mimi nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma.

Mtaalamu wa kampuni ya gesi alieleza vizuri kwenye mkutano wa kijiji. Kuna gesi kwenye makaa ya mawe huko chini. Ikipatikana, tutaacha kukata miti ya mkaa. Hapo nakubaliana naye, vilima vyetu vimebaki vipara. Akaendelea: ili gesi itoke, lazima kwanza wavute maji mengi sana kutoka ardhini.

Hakumaliza. Vigelegele! Sisi tunaofuata maji kwa baiskeli na madumu, tukishasikia maji mengi, basi.

Ripoti yao niliisoma, mimi mwalimu wa sayansi. Maji yenyewe ni ya chumvi, yanaua mazao, na kisima chetu kinaweza kukauka. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akacheka, "Mwalimu, waache watu wafurahi," akafunga mkutano.

Nikaushusha mkono. Mtu mzima!

Nimerudi nyumbani, nikamkuta mama anasugua lile pipa lililokaa tupu tangu kiangazi kianze.

"Mwanangu, hayo maji wanaanza kuyatoa lini?"

Nikachukua kipande cha katani, nikamsaidia kusugua.