Kabla Malori Hayajapita Mlali

Jumanne, 3 Septemba 1974
Tumetoka Iringa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyuma yangu, kwenye pikipiki ya ofisi: Mwalimu Scholastika, jirani yangu. Kikapu kimoja na barua ya mama yake. Kaka yake, Ignas, kasimama mkutanoni na kusema hashuki mlimani kwenda kijiji kipya cha Mlali, Morogoro. Mwalimu anakwenda kumshusha. Mimi nakwenda kuandika jinsi watu wanavyohamia vijiji vya ujamaa kwa hiari. Hivyo ndivyo mhariri alivyosema — kabla sijaona chochote.

Mlima Kitonga tumeteremka salama, breki zinanuka. Ruaha Mbuyuni, muuza vitumbua kamuuliza Mwalimu kama huyu mzee wake humlisha upepo tu. Mwalimu: "Si wangu, wa gazeti!"

Tumelala Mikumi.

Jumatano, 4 Septemba
Mbuga imeungua pande zote mbili za barabara. Twiga wanne wamesimama katikati ya lami, hawaondoki. Dakika kumi na moja.

Kisha malori matatu, yakitupita kuelekea Morogoro. Watu, mbuzi, vinu — na milango. Wameng'oa milango yao. Hakuna aliyepunga mkono. Mwalimu alihesabu milango kwa sauti, akaacha kwenye tisa.

Kando ya njia, nyumba kumi na nne bila paa. Jiko la moja bado lafuka moshi. Mwalimu hufundisha siasa darasa la sita. Kilomita nyingi baadaye akasema: "Mimi nilidhani huwa wanaulizwa."

Alhamisi, 5 Septemba
Mlali. Afisa mmoja kanipa chai na habari. Jumamosi asubuhi, malori mawili, mgambo thelathini. Nyumba ya mkaidi wa mlimani, Ignas, itabomolewa, mwenyewe atafungwa kamba. "Ndugu, usichapishe kabla ya Jumatatu." Nikakubali.

Nilipotoka nikamwambia Mwalimu. Miaka kumi na saba ya kazi, sijawahi kutoa siri niliyopewa. Hakulia. Aliuliza kama petroli inatosha kupanda.

Ijumaa, 6 Septemba
Saa tatu za kupanda. Mawe, kona, baridi. Mara nne Mwalimu ameshuka na kusukuma. Wanawake wenye mizigo ya kabichi wanasimama pembeni, hawasalimu. Mwalimu kaona aibu: huku kwao hata mgeni asiyejulikana huulizwa habari za alikotoka! Wameona pikipiki, wamejua ni serikali.

Ignas ni mfupi, miaka hamsini hivi, sweta limetoboka viwikoni.
"Shikamoo, kaka."
"Marahaba. Mgambo mwenyewe ndiye huyu mmoja tu? Tena ana kitambi!"

Mwalimu akamweleza: kesho. Thelathini. Kamba. Ignas akasikiliza hadi mwisho.

"Shamba hili la nani?"

Kila mtu pale alijua. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Shamba ni la Scholastika na watoto wake. Ignas ni mjomba tu, mlinzi. Amelinda miaka kumi na tisa, tangu dada yake aende chuo cha ualimu.

"Wanao wakija kuniuliza, nitawaambia nini? Kwamba niliogopa lori? Wewe sema hapa, mbele ya mama: nimeliacha. Sema hilo tu. Nashuka leo hii, na kuku wangu."

"Sema, mwanangu," akasema mama yao, Bibi Kristina. "Nyumba tutajenga nyingine. Ignas ninaye mmoja."

Nilifungua daftari niandike jibu. Hicho ndicho alichokuja kukifanya, kumshusha. Mwalimu akainama, akang'oa gugu miguuni pake.

"Kesho, kaka."
"Kesho ndiyo Jumamosi."

Jumamosi, 7 Septemba
Saa 12.40 asubuhi. Mama kamuuliza Mwalimu tena, wakati wa uji. Ameosha bakuli lake na kutoka nje.

Saa 1.05. Injini bondeni. Mbili.

Ignas: "Dada. Muda bado upo."

Nikaingilia. Si kazi yangu, lakini nikamwambia Mwalimu aseme tu, ni maneno. Kanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekosa hesabu nyepesi.

"Kwenu, labda."

Saa 1.20. Mwalimu ameteremka shambani na viatu vyake vya shule. Ameondoa jiwe linaloziba mfereji. Maji yanaingia kwenye kabichi. Tuta la kwanza, la pili. Anayaongoza kwa jembe, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.

Bibi Kristina amekaa chini, mlangoni.

Saa 1.28. Injini zimezimwa. Wanapanda kwa miguu. Nahesabu: kumi na wawili. Ishirini. Bado wanatokea kwenye migomba. Wa mbele ana kamba begani.

Ignas ameingia ndani, ametoka na jembe lingine. Hatazami njia. Amekwenda aliko dada yake, ameanza tuta la tatu.

Wa mbele amefika ukingoni mwa kabichi. Anawaamuru watoke. Hawajageuka. Sasa anaingia, na viatu vinazama kwenye tope. Mwalimu hajasema "nimeliacha"; anaongoza maji tuta la nne.