Mkono wa Kushoto wa Ta Rwiza

Dada Koku, shikamoo. Ukungu wa Kamuli haujaachia tangu nishuke na sanduku la dawa, na migomba inadondosha maji hata mvua ikikatika.

Nilimkuta mke wa Ta Rwiza, yule mzee mkulima wa kahawa, yuko hoi kwa homa ya matumbo. Mimi na daktari wa zahanati tulimpa dawa mpya kwa kipimo cha ile ya zamani, asipate nafuu. Ndipo daktari akatambua kosa. Chembe za dawa hii ni za namna mbili, zinafanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Ya kulia huingia kwenye kimeng'enya kinachomjengea kijidudu mwili, ikakizuia kufanya kazi. Ya kushoto haiingii, kama kiatu cha mguu mwingine. Ile ya zamani ilikuwa ya kulia tupu, lakini nusu ya kila kidonge cha hii ilikuwa bure.

Ta Rwiza alisikia. Tangu hapo alimnywesha mkewe kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto aliufunga kiunoni kwa kitambaa, eti usije ukaiharibu dawa. Tuliongeza vidonge, lakini tulikuwa tumechelewa.

Jana baada ya maziko alitaka kunikaribisha kahawa ya kutafuna, na unajua mgeni hupewa kwa mikono miwili. Akasimama na kikapu chake, akaniuliza polepole, "Mwanangu, sasa naweza kuufungua?"

Nikaufungua mimi.

Kahawa hizo sikuweza kuzitafuna, nakuletea wewe. Jifunike vizuri, dada yangu, baridi isikupate.

Mdogo wako,
Projestus