Miti Iliyoshika Slabu

Wanjiku wangu,

Hapa Buruburu tu wazima. Nyanya yako ameficha chumvi nisikojua, na kila jioni ananitembeza mpaka miguu inalalamika. Presha imeshuka, na daktari amenipunguzia tembe moja.

Uliniuliza kwenye simu, "Guka, si uache zote tu?"

Nikiwa kijana nilibeba kokoto tukijenga nyumba za hapa. Slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, ilipokauka, nilichukua nyundo niangushe miti yote iliyoishikilia kwa chini. Fundi akanishika mkono.

"Wee! Unajuaje kama ni slabu imesimama ama ni miti imeisimamisha? Toa mmoja, ungoje, uangalie juu."

Tukatoa mmoja mmoja, macho juu, tukitafuta ufa.

Sasa hata mimi sijui kama ni mwili wangu umesimama ama ni dawa. Acha daktari aangalie. Akitaka kuirudisha ile tembe, airudishe, sitanuna.

Nyumba ile tuliyotoa miti iko mkabala na yetu. Jana watoto walikuwa wakirukaruka juu ya slabu ile, wala haina habari. Ukija Disemba, nirukie shingoni kama zamani. Nataka nisitikisike.

Guka wako