Springi za Kumbeba Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Mei

Nimerudi kutoka machimbo ya Osiri, lori tupu. Mawe ya dhahabu nimeyashusha kinuni, mgongo bado unauma. Lori hili likiwa tupu hukurusha kama bisi sufuriani. Nilishazoea. Leo nimeshindwa, maana kila shimo nilimwona mama mkwe yuko nyuma.

Anatoka hospitalini Jumapili, hapa Migori. Nyonga ilivunjika, ikaungwa kwa chuma. Daktari alimwambia Akinyi, mke wangu: asitikiswe. Chuma kikisogea, hatatembea tena.

Kwetu hawezi kukaa. Mama mkwe halali kwa mkwe wake, hata akivunjika. Kwake ni mbele ya Homa Bay, na lami ikiisha ni udongo mweusi mtupu. Kwa mvua hii gari dogo linazama. Wiki jana pikapu ilivutwa na ng'ombe. Linalopita ni lori langu tu.

Naogopa.

Jumanne, 6 Mei

Fundi Odhiambo aliingia chini ya lori, akatoka akicheka. "Omera, ndugu yangu, hii si springi. Hii ni daraja."

Ni kweli. Springi za nyuma zilikuja na vyuma saba kila upande, mimi nikaongeza vinne kwa ajili ya mawe. Leo tumeviondoa. Vilivyobaki vilikuwa vimeshikana kwa kutu, haviwezi kuteleza wala kupinda. Odhiambo amesugua kwa brashi ya waya, akapaka grisi, akakata mtungi wa plastiki na kuweka vipande kati ya chuma na chuma. Bushi, zile pete za raba kwenye ncha, ni mpya pia. Sijala tangu asubuhi.

Miaka kumi na mmoja ya ndoa, sijawahi kumshika mama huyu mkono. Salamu za mbali, macho chini. Watakaombeba ni shemeji zangu. Mimi ninachoruhusiwa kugusa ni springi. Kila nati nimeikaza mara tatu, Odhiambo akakasirika.

Alhamisi, 8 Mei

Nimefanya ujinga.

Nilitaka kujua kwa mwili wangu. Odhiambo ameendesha, tumeenda barabara ya Ogwedhi na kurudi, mimi nimelala nyuma juu ya godoro alilonunuliwa mama. Bado linarusha. Kifua kinaniuma. Tumefika nyumbani, Akinyi akanikuta nashuka godoroni. Akashika kichwa.

Mkwe kulalia godoro la mama mkwe! Hata mtoto anajua ni mwiko. Najua tangu utotoni. Hofu ilinila akili. Akinyi amekasirika, na ana haki.

Ijumaa, 9 Mei

Mficha maradhi kifo humuumbua. Akinyi ameenda hospitalini kumweleza mama yake kila kitu. Nimezunguka lori nikisubiri.

Jibu: lile godoro liwe langu, yeye atafutiwe lingine. Kisha akauliza kifua changu kinaendeleaje. Nimeona aibu kuliko kama angenitukana.

Odhiambo anasema springi hazina kosa tena, lori ni jepesi mno, linataka uzito. Tumepakia mchanga wa mto, tukausawazisha, tukapunguza upepo wa matairi ya nyuma. Nimejaribu tena, safari hii juu ya godoro langu. Linayumba, halirushi. Nilipaswa kufurahi. Ila mchanga huohuo ndio utakaotuzamisha topeni.

Jumapili, 11 Mei

Tumefika. 

Mpaka Rongo sawa. Homa Bay wenzangu wamekula, mimi nimekagua nati za springi. Nyuma alikuwa mama, Akinyi na shemeji Okoth. Mbele mimi na Odhiambo. Lami ilipoisha nimekwenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Kila shimo nasubiri yowe. Hakuna yowe. Ukimya ukawa mbaya zaidi, nikaanza kuamini amezimia.

Kwenye mteremko wa mto lori limeteleza ubavu. Springi ya kushoto ikagonga, mara moja, kwa nguvu. Halafu mtu akapiga kebini kwa nyuma, mara tatu. Nimesimama. Nilijua tumemvunja upya.

Akinyi akaja dirishani. "Mama anauliza mgonjwa ni nani, ni yeye ama ni dereva. Anasema jua linazama na ana njaa."

Odhiambo alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nimetia gia, tumevuka, hatukukwama.

Pale kwake nilisimama nyuma ya tairi, uso upande mwingine, mpaka wakamwingiza ndani. Sikumwona. Sijui kama chuma cha nyonga kimesogea.

Jumatano, 14 Mei

Akinyi amebaki kumuuguza. Mtandao wa kule mbovu. Simu haiingii. Ile springi iliyogonga bado naisikia.

Ijumaa, 16 Mei

Mama ameamka na maumivu, Akinyi anasema. Mguu umevimba. Simu ikakatika. Sikwenda kazini.

Jumanne, 27 Mei

Osiri. Tunapakia. Hakuna mvua leo.

Akinyi amepiga saa nne. Uvimbe uliisha wiki jana, muuguzi alimwambia ni wa kawaida. Leo mama ameshika fremu yake ya kutembelea, akatoka kitandani mpaka jikoni, peke yake. Akaketi, akaanza kulalamika kwamba sufuria zimepangwa vibaya.

Mama amenitumia ujumbe kupitia Akinyi. Akipona atakuja Migori kututembelea, arudi siku hiyohiyo kama desturi inavyotaka. Atapanda lori hilihili. Na mkwe wake asijisumbue na springi, safari hiyo yeye atasimama mwenyewe huko nyuma.