Mota Uliyoliletea Tangi Langu

Nyumba Namba 4,
Nyuma ya Jiko la Hospitali,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu. Natumaini u mzima wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimekuachia. Huku tunapumua. Mama goti limepoa, siku hizi anakwenda dukani na kurudi bila kumlaumu mtu njiani. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechafuka, na aliyeichafua ni wewe.

Usishtuke, soma taratibu. Ni ile mota uliyoileta hospitalini mwezi wa tatu.

Najua uliileta kwa upendo. Ulisikia kwa Mama kwamba mdogo wako bado anakoroga kwa mkono tangi linalotoa gesi ya jiko la hospitali, ukaingiwa na huruma. Ukaongea na meneja wa majengo, yule tunayemwita Bwana Ripoti, mkakubaliana wanaume wawili. Mimi mwenye kazi niliiona mota siku inafungwa.

Kaka, miaka tisa ninalilisha lile tangi: maganda, masalia ya sahani za wagonjwa, maji kidogo. Kisha nakoroga kwa ule mpini mrefu, dakika kumi asubuhi, kumi alasiri, polepole. Nisipokoroga, juu hufunga utando mgumu na chini hutuama mchanga, gesi ikakosa njia. Lakini kukoroga kupita kiasi nako ni balaa. Vile vijidudu vinavyotoa gesi huishi vimeshikamana, vingine vikivunja mabaki, vingine vikila kile ambacho wenzao wamekivunja. Ukivivuruga mchana kutwa vinatawanyika na kazi inalala. Wewe na usomi wako ulidhani kukoroga zaidi ni kupata gesi zaidi, wala hukunipigia hata simu kuniuliza.

Basi mota ikazunguka kutwa nzima. Wiki ya kwanza gesi ilipanda kidogo, Bwana Ripoti akatembea kifua mbele. Wiki ya pili tangi likaanza kunuka uchachu. Ya tatu moto jikoni ukawa unasuasua, chai ya wagonjwa ikafika wodini saa nne, tena vuguvugu. Mpishi mkuu, mama mwenye ulimi mkali ambaye siku zote tunataniana, alinijia juu mbele ya wapishi wote. Na Bwana Ripoti akaandika nini? Kwamba nimemwaga maji ya sabuni tangini, nikaviua vijidudu. Mimi, ninayewafukuza watu wa ndoo za sabuni pale kama nafukuza mbuzi!

Siku ileile nikachomoa waya wa mota, nikaacha kulilisha tangi siku kadhaa lipumzike, kisha nikarudia mpini wangu. Nilimwita mpishi mkuu nikamweleza yote, akauona ule waya kwa macho yake, akaniomba radhi. Haukuisha mwezi gesi ikawa imerudi, chai inachemka saa kumi na mbili na nusu kama zamani.

Sasa sikiliza vituko. Bwana Ripoti hakanyagi kule tangini, anasema harufu inamganda kwenye shati. Yeye husoma kipimo cha gesi jikoni na kurudi zake ofisini. Alipokuta kimepanda, aliandika ripoti nyingine: tangi limeshaizoea mota, gesi imerudi, basi mkorogaji hahitajiki tena. Kamati ya hospitali inakaa tarehe ishirini na nane mwezi huu kuniondoa kazini.

Nilimfuata nikamweleza kwamba mota imezimwa mwezi mzima. Akasema labda niliichomoa asubuhi ileile ili kumharibia ripoti yake. Nikamwambia amuulize mpishi mkuu. Akasema huyo ni shoga yangu. Nikaanza kumweleza habari za vijidudu, akanikatiza.

"Mama, wewe ni mtu wa mpini. Mhandisi ni kaka yako."

Nilitoka nikarudi kwenye mpini wangu. Yaani ninayoyajua kwa miaka tisa si kitu mpaka uyaseme wewe, ambaye hujawahi hata kulifunua tangi lile?

Mpishi mkuu amenishauri niiwashe mota kabla ya kikao, waone wenyewe gesi ikikatika. Nimelifikiria, sikufichi. Lakini wodini kuna watu wanaamka wakikisubiri kikombe kile cha moto, na hao hawakunikosea. Kwa hiyo kila asubuhi nakoroga, gesi inapanda, na kila ikipanda Bwana Ripoti anapata ushahidi mwingine kwamba sihitajiki.

Msalimie wifi, mwambie kitambaa alichotuma nimeshakishona na kimenikaa vizuri. Wanao waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakuombea kila siku, nami namwomba Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Pole yako siitaki, wala zawadi nyingine. Waandikie kamati kwamba ulikosea, na uwaambie ni nani anayekoroga. Barua yako iwahi kikao. Wewe watakuamini kwa mstari mmoja, Kaka, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Ni mimi mdogo wako,
nikupendaye pamoja na hasira zangu zote.